Kawa Refu la Mgebuka

Picha ya chini ndiyo iliyotutesa. Ya mbele tuliipata, ya nyuma tuliipata, za ubavuni tulizipata, na ya juu tuliipata baada ya mimi kupanda kiti huku mama mkubwa akinishika kifundo cha mguu kana kwamba nilikuwa na nia ya kuruka. Lakini ya chini, kila tulipoipiga, ilitoka nyeusi kama mdomo wa kisima. Wakili alikuwa ametuagiza kwamba kila upande wa kawa uonekane, pasiwe na kivuli, pasiwe na kitu kingine chochote kwenye picha, na nyuma yake pawe peupe. Tulitandika shuka jeupe uani kwetu Ujiji, jua la asubuhi likipenya kati ya mapaa mawili ya bati, na kila nilipoinua simu, kivuli cha kamba ya kuanikia nguo kilikuja kujilaza katikati ya shuka kama paka aliyezoea.

"Ikate hiyo kamba," mama mkubwa akasema.

"Na nguo?"

"Nguo nazo zimechoka kuning'inia."

Aliyechoka alikuwa yeye. Aliketi kwenye ngazi ya jikoni, miguu ameinyoosha, akilitazama kawa lake lililolala chali juu ya shuka kama mgonjwa anayesubiri daktari. Seti ya kwanza ya picha ilikuwa imerudishwa kwa sababu ya kivuli, ya pili kwa sababu kidole changu kilionekana pembeni. Hii ilikuwa ya tatu, na sikuwa na hakika nayo.

Mama mkubwa ni dada yake mama yangu. Ndiye aliyenilea mama alipofariki, na nilipomaliza chuo nikarudi kwake na begi la vitabu na riwaya isiyokwisha, hakuniuliza nitakula nini. Kwa hiyo jambo hili la kawa lilipoanza, likawa langu bila mjadala. "Wewe si mwandishi?" aliniambia. "Basi andika."

Kawa ni kifuniko cha chakula cha kusukwa kwa ukindu. Kila nyumba ya Ujiji inalo, na kila ninaloliona mimi ni la duara, maana ukili, ule utepe wa ukindu uliosukwa, unaposhonwa hupenda kuzunguka: unaanza na kitovu, unaongeza mzunguko juu ya mzunguko, mpaka kinatoka kitu kama kofia pana. Kwa wali linafaa. Kwa ugali linafaa. Lakini kwetu mgebuka, samaki wa ziwa letu, huandaliwa mzima, amelazwa kwenye sahani ndefu, na kawa la duara likimfunika kichwa linamwacha mkia. Mama mkubwa aliuonea haya mkia huo kwa miaka mingi. Alisema samaki anayechungulia nje ya kawa anamfanya mwenye nyumba aonekane hana vitu.

Akaanza kujaribu kusuka refu. Niliishi na majaribio hayo. Yalikuwa kila mahali, yamepinda, yamebonyea, mengine tuliyageuza vikapu vya vitunguu. Ukindu ulikataa kwenda mbele bila kuzunguka. Kawa lilisimama siku mbili, siku ya tatu likalala katikati. Mwishowe akachukua ujiti wa kuti la mchikichi, akaukunja ukiwa bado mbichi, akaushona ndani kama uti wa mgongo. Kawa likasimama. Lilikuwa na mgongo mmoja mrefu, uliopanda kwa mbele na kushuka taratibu kuelekea mkiani, na pindo la ukindu mweusi pande zote mbili. Watu hudhani aliiga umbo la samaki. Yeye husema hakuiga kitu, alifuata sahani.

Lingebaki hapo, jambo la jikoni, kama si mfanyabiashara mmoja wa Mwanga, hapo hapo Kigoma, anayeuza ndoo na mabeseni ya plastiki. Alikuja siku moja kumletea mama mkubwa mabeseni, akapewa maji ya kunywa, akaliona kawa mezani. Akalizunguka. Akaliinua, akachungulia ndani yake.

"Mama, hili likitoka la plastiki, Kigoma nzima italitaka."

Mama mkubwa akacheka, akalichukua neno hilo kama pongezi. Yule bwana akatoa simu, akapiga picha mbili, akaaga. Baada ya muda tukasikia kutoka kwa muuza duka mwenzake kwamba picha zimeshafika Dar es Salaam, kwa fundi wa kutengeneza kalibu, zile za chuma ambamo plastiki ya moto humiminwa.

Nilitegemea mama mkubwa angekasirika. Hakukasirika. Jioni ile yote alichambua ukindu, na alipozungumza alisema neno moja tu.

"Hakuniuliza."

Tangu hapo hilo ndilo lililokuwa shauri lake, na lilikuwa dogo kuliko watu walivyodhani. Hakutaka kiwanda wala kupigwa picha na waheshimiwa. Alitaka kwamba mtu akitaka umbo lile aje mlangoni, aseme shikamoo, aulize, na yeye awe na uwezo wa kusema ndiyo au hapana na jibu lake liwe na uzito.

*

Ofisi ya wakili ilikuwa ghorofani, Kigoma mjini, kwenye barabara inayoteremka kwenda stesheni. Ngazi zake zilikuwa ndefu na mama mkubwa ana magoti mabovu. Tulipumzika katikati, tukiwa tumeegemea ukuta uliokuwa ukiachia chokaa mabegani mwetu. Wakili alikuwa kijana, umri wangu au kunizidi kidogo, mwenye sauti ya chini ya mtu aliyeshinda akieleza mambo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Ngazi zako hizi umewawekea maadui?"

"Wateja wasiolipa, mama."

Akatueleza. Kitu kikiwa na umbo jipya, sura inayoonekana kwa macho, mwenye kulibuni anaweza kulisajili, na baada ya hapo mwingine hana ruhusa ya kutengeneza na kuuza bidhaa yenye sura hiyo bila idhini yake. Sheria hailindi kazi ya kufunika chakula, maana kila mtu ana haki ya kufunika chakula. Inalinda sura. Mgongo ule, mteremko ule, pindo lile. Huku Bara, alisema, wakati huo hatukuwa na daftari letu wenyewe la kusajili maumbo ya bidhaa kama tulivyonalo la alama za biashara. Njia aliyoijua ilipita kwenye ofisi ya pamoja ya nchi za Afrika, iliyoko Harare, na ndani ya maombi unataja nchi unazotaka ulindwe. Zanzibar wana sheria yao.

"Kumbe kawa la Ujiji linachukuliwa kitambulisho Harare," mama mkubwa akasema.

"Ndiyo, mama."

"Na mimi mwenyewe sijavuka Tabora."

Wakili akatabasamu, kisha akawa makini. Akatuambia kwamba jambo zito kuliko yote ni upya. Umbo likishawekwa hadharani kabla ya maombi kutumwa, si jipya tena, hata kama aliyeliweka hadharani ni mwenyewe. Yule bwana wa plastiki aliingia nyumbani akaliona kwa bahati. Hilo angelitafutia maelezo. Lakini kuanzia siku ile asilione mwingine. "Usiliuze, mama. Usilipeleke sokoni. Lisiingie kwenye simu ya mtu. Lifiche mpaka nikuambie."

"Nimeelewa," mama mkubwa akasema, na nilimwamini, maana nilimwona akilitia lile neno moyoni.

Na kweli alificha. Tulipotoka pale alinunua kitenge kipana, akakifanya pazia la kona anayosukia. Kengele ya muuza barafu ikilia nje, ukindu uliingia chini ya kitenge. Muuza mitumba akipiga hodi, ukindu chini ya kitenge. Mama mmoja alikuja kuomba makawa ya harusi ya binti yake, akamkuta mama mkubwa amekaa mbele ya kitenge kama askari wa zamu.

"Nasikia una ya migebuka," yule mama akasema.

"Nina ya wali."

"Mwanangu anaolewa mara moja tu."

"Basi aolewe na wali."

Alipoondoka, mama mkubwa alijilaza kwenye mkeka akatazama dari. Alisema kuficha kunachosha kuliko kusuka.

Nami nilichoka kwa namna yangu. Picha zilirudi, tukapiga nyingine. Maelezo ya umbo yalirudi kwa sababu nilikuwa nimeandika kwamba mgongo wa kawa unashuka "kama kilima kinachoinamia ziwa kunywa maji," na wakili akaniandikia kwa upole kwamba Harare hawahitaji kilima. Niliandika upya. Niliandika "mgongo ulioinuka mbele na kushuka kwa mteremko usiokatika hadi ncha ya nyuma," na nilipoisoma kwa sauti nikahisi nimelichinja kawa lenyewe. Mtandao ulikatika, ukarudi, ukakatika. Mara nyingine nilifika ofisini kwake nikakuta amesafiri kwa kesi ya Kasulu, nikarudi Ujiji na bahasha yangu kwapani, jua limenipiga mpaka maneno yamekauka kichwani. Riwaya ililala. Nilipofungua daftari lake niliona sentensi za mtu mwingine, mtu aliyekuwa na nguvu.

Katikati ya haya yote Ramadhani iliingia, ikatukuta tumechoka, ikatoka.

*

Maombi yalipokuwa tayari, wakili alituita ili mama mkubwa atie saini. Tukapanda tena zile ngazi, tukapumzika pale pale. Karatasi zilikuwa mezani, picha zetu zimepangwa vizuri, ile ya chini hatimaye ikiwa na mwanga, kila mshono wa ukili unahesabika. Niliona fahari na nikaona usingizi.

"Swali la mwisho, mama," wakili akasema, kalamu mkononi. "Tangu mlipokuja hapa mara ya kwanza, kuna mtu wa nje ameliona?"

"Hakuna, baba. Nimelificha kama ulivyoniambia. Hata bibi harusi nimemnyima."

"Sokoni?"

"Halijafika."

"Mtandaoni?"

Akanigeukia mimi. Nikasema hapana.

"Safi sana. Kwa hiyo ni nyinyi wawili tu."

"Sisi wawili," mama mkubwa akasema, "na hawa wa futari."

Kalamu ikasimama. "Wa futari gani?"

"Majirani. Si Ramadhani imepita juzi hapa? Chakula ningekipeleka wazi?"

"Majirani wangapi, mama?"

"Wale wa siku zote."

Wakili akaweka kalamu chini, polepole, kama mtu anayeweka yai. "Na hilo kawa, walikuwa wakilirudisha hapo hapo?"

"Wewe umekulia wapi, baba? Chombo cha futari kinarudishwa hapo hapo? Wengine kesho yake, wengine baada ya siku mbili tatu, wakishapata cha kutia ndani."

"Kwa hiyo lililala kwenye nyumba za watu."

"Lililala kwa heshima zake."

"Mama, nilikuomba lisiwe hadharani."

"Hadharani ni sokoni. Hadharani ni mnadani, kwenye vipaza sauti. Mtu ninayempelekea chakula changu anakuwaje hadhara?"

Nilizigeuza kifudifudi picha zilizopangwa mezani, moja moja. Maana mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa nikivuka barabara kila magharibi na sahani ndefu mikononi na kawa juu yake, mchana nikiandika habari ya siri na jioni nikiipeleka kwa watu ikiwa na harufu ya mgebuka na pilipili. Halikunijia kichwani hata mara moja. Kwetu futari haiendi nje. Inazunguka ndani, hata kama ndani kwenyewe ni mtaa mzima.

Wakili akavua miwani, akajikanda macho. Akasema sheria haijui mtaa. Inamjua mwenye siri na aliyeahidi kuitunza, na wengine wote ni watu wa nje. Akasema upo msamaha kwa maonesho fulani yanayotambuliwa na serikali.

"Na Ramadhani haitambuliwi?" mama mkubwa akauliza.

Tulicheka, wote watatu, kicheko cha watu waliobeba kitu kizito wakakigonga mlangoni. Kisha wakili akasema jambo ambalo nilimheshimu kwalo, ingawa siku ile nilimchukia. Alisema huenda cheti kingetoka, maana hakuna atakayesafiri hadi Ujiji kuulizia futari. Lakini yule bwana akitaka kukipinga, anahitaji shahidi mmoja tu wa kusema aliliona kabla, na cheti kinaweza kufutwa. "Na mimi, mama, siwezi kuandika kwamba halikuonekana wakati nimeshakusikia. Nendeni mkafikiri."

*

Kufikiri huko tulifanyiwa na wengine. Ng'ambo ya barabara anakaa jirani yetu, mwimbaji wa kwaya, ambaye wazazi wake walitoka naye Burundi akiwa mgongoni. Hafungi Ramadhani, ila hajawahi kukosa futari. Alituona tukishuka kwenye bajaji na nyuso zetu zile, akaja na khanga begani.

"Mwiriwe," akatusalimu kwa Kirundi. "Nani amekufa?"

Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akapiga makofi mara moja.

"Hilo tu? Basi mimi sijaona kawa."

"Umeliona," mama mkubwa akasema.

"Niliona samaki."

"Samaki alikuwa chini ya nini?"

"Dada, mimi macho yangu yakiona samaki hayana nafasi ya kitu kingine. Nitaapa mbele ya yeyote."

Akaondoka kwa haraka, na kabla ya alasiri kwisha baraza yetu ilikuwa imejaa. Walikuja wote wa siku zote. Mmoja alisema alidhani ni ungo.

"Wewe huujui ungo?" jirani akamdaka. "Umeolewa vipi?"

"Nitasema ulikuwa ungo."

"Ungo mrefu?"

"Nitasema nina tatizo la macho."

"Hilo utasadikiwa, maana mume wako tunamwona."

Wakacheka mpaka mtu akamwaga chai. Mama mkubwa naye alicheka, mkono mdomoni. Nilianza kupata matumaini. Nilihesabu kimoyomoyo nyumba ambazo kawa lilifika na nikaona zote zimewakilishwa pale barazani, zote ziko tayari. Yule bwana asingempata hata mmoja.

Kisha mama mkubwa akauliza, taratibu, kama anayeuliza bei: "Na wakiwauliza, Ramadhani hii mwanamke huyu aliwaletea chakula? Mtasemaje?"

"Tutasema hukutuletea," jirani akasema.

"Siku hata moja?"

"Hata moja. Ili wasije wakauliza kilifunikwa na nini."

Hapo kicheko kikapungua chenyewe. Mama mkubwa alikuwa akiwatazama mmoja mmoja. "Basi mtasimama mbele za watu mseme mwezi mzima nilipika nikala peke yangu."

"Ni kwa wakili tu, dada."

"Wakili naye ni mtu."

Jirani akakung'uta khanga yake ambayo haikuwa na vumbi. Waliondoka wakiaga kwa sauti za chini, na mama mkubwa akaingia ndani, akakivuta kile kitenge kwenye kamba yake, akakikunja.

"Mwambie aache," akaniambia.

Nilibishana naye. Naona vibaya kuliandika hili, lakini nilibishana naye hadi magharibi. Nilimkumbusha picha, ngazi, bahasha, safari za bure. Nilimwambia ni uongo mdogo na yule bwana ndiye mwizi. Nilimwambia kwamba plastiki zikishajaa Mwanga hakuna atakayejua kwamba umbo lile lilitoka kwenye mikono yake. Alisikiliza yote huku akiosha miguu kwa ajili ya swala. Alipomaliza akasema, "Wewe unataka cheti kuliko mimi," na ilikuwa kweli, maana mimi nilitaka uchovu wangu upate jina la kitu.

*

Nilimpigia wakili kesho yake. Kwenye simu nikasikia karatasi zikifungwa. Halafu akasema ipo njia nyingine, nyembamba zaidi. Sheria ya hakimiliki inamtambua mtunzi wa kazi ya sanaa inayotumika nyumbani, hata ikiwa ya kusukwa kwa mkono, na haki hiyo haimtaki aifiche. Haina nguvu kama ile ya usajili. Haitamzuia mtu aliyebuni umbo kama hilo mwenyewe bila kuliona la mama mkubwa. Lakini anayenakili anaweza kudaiwa ajibu, ilimradi tuthibitishe kwamba la mama mkubwa lilikuwapo kabla ya la plastiki.

"Tutathibitishaje?" nikauliza.

"Nani aliliona?"

Sikuwa na nguvu za kucheka. Nikaanza kumtajia majirani, mmoja mmoja.

Wakili alikuja mwenyewe Ujiji, Jumamosi, na meza ndogo tukaiweka barazani. Majirani wakaja tena, safari hii wamevaa vizuri. Kazi yao ilikuwa kueleza tu walichokiona na lini. Ilikuwa kazi ngumu kuliko ile ya kuapa uongo.

"Ulipoliona kawa hili mara ya kwanza," wakili akamwuliza yule wa kwaya, "lilikuwa na umbo gani?"

"Lilikuwa na mgebuka wa nazi."

"Umbo, mama."

"Nakwambia. Mgebuka wa nazi, na vitunguu vimekatwa pete pete. Siku ya pili ilikuwa mihogo."

"Na kawa lenyewe?"

"Lilikuwa la moto. Ukilifungua, mvuke unakupiga hapa." Akajigusa paji la uso.

Wakili aliandika. Wa pili alikumbuka tambi. Wa tatu alikumbuka kwamba siku ile alikuwa hana kitu ndani, hata unga, na aliposikia hodi alidhani ni mtu wa kudai kodi. Hapo wakili akaweka kalamu chini mpaka alipokuwa tayari kuendelea. Alipoulizwa umbo, alinyoosha mikono yake hewani, mmoja juu kidogo kuliko mwingine, akauteremsha ule wa kulia polepole. Lilikuwa ndilo hasa. Lilikuwa sahihi kuliko chochote nilichokiandika mimi.

Mama mkubwa hakusikia mengi ya hayo. Alikuwa ameegemea nguzo ya baraza, na usingizi ulimchukua wakati wa mihogo.

Barua ilikwenda kwa mfanyabiashara wa Mwanga, na maelezo ya mashahidi yameambatanishwa. Tulingoja. Nilianza tena kuandika kidogo kidogo, ukurasa leo, nusu ukurasa keshokutwa. Mama mkubwa alisuka makawa ya harusi ya yule binti, marefu, akiwa amekaa mlangoni, ukindu wake umetawanyika mpaka barazani, na kila aliyepita alisimama kutazama.

Yule bwana wa plastiki alikuja mchana wa joto, amevaa shati la mikono mirefu. Bajaji iliyomleta ilimngoja barabarani bila kuzima injini. Alibeba mfuko, na ndani ya mfuko kulikuwa na kawa la plastiki, jekundu, lenye mgongo mrefu. Alisimama kizingitini na hakuvua viatu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Nimepata barua yenu. Wakili wangu anasema tunaweza kubishana, itachukua muda. Mimi sipendi kubishana na wazazi." Akalitoa lile jekundu, akalishika kwa mikono miwili. "Kalibu imeshachongwa. Hili ni la majaribio. Nimekuja kukuuliza, mama. Naomba ruhusa nilitengeneze."

Mama mkubwa aliweka ukili chini. Alimtazama, na sikuona ushindi usoni mwake, wala hasira. Niliona mtu aliyepanda ngazi ndefu, akafika, akakuta ni chumba tu.

"Ahsante kwa kuja," akasema. "Hapana."

"Mama, nimekuja kwa adabu."

"Na mimi nimekujibu kwa adabu."

"Hata tukielewana? Jina lako tuliandike hapa pembeni?"

"Hapana, baba."

Alibaki amesimama. Alilitazama lile kawa jekundu kama mtu anayetafuta pa kulitua, akalirudisha kwenye mfuko, mfuko ukakataa kufunga. Aliaga. Hakusema atafanya nini, na hatukumwuliza. Bajaji iligeuza pale mbele ya nyumba ya mwimbaji wa kwaya, ambaye alikuwa ameshatoka nje na mikono kiunoni, ikapanda barabara kuelekea Mwanga.

"Atatengeneza tu," nikasema.

"Labda." Mama mkubwa alijaribu kuukunja ukindu uliokuwa mapajani mwake, lakini ulikuwa umekauka wakati wa mazungumzo, ukavunjika. "Niletee maji ya kuulowesha."

Nikaenda kumletea maji.